Kulipia Kujificha

Jamani Malindi hii tumefika pabaya. Shemeji yangu, huyu anayezungusha Wataliano kule bichi, Jumamosi kanikokota eti kuna baa mpya ya vinywaji vya kale twende tukaonje historia. Haya, twafika hakuna baa, kuna ukuta na mlango wa stoo, wabisha, mtu achungulia kwa kitobo akuuliza neno la siri. Neno la siri! Shemeji analo kwa simu, walimtumia alipolipa kiingilio.

Ndani giza, nikadhani tokeni zimeisha. Kijana wa kaunta kavaa kizibao na tai ya kipepeo kwa joto hili, jasho lamtiririka, na somo kashaanza: Marekani pombe ilipigwa marufuku 1920 mpaka 1933, watu wakawa wanywa mafichoni, ndio maana ya ule mlango. Nikamtazama tu. Mwanangu, chang'aa hapa Kenya ilikuwa marufuku mpaka 2010, mimi nimeruka nyua za watu suruali ikabaki kwenye michongoma na chifu yuko nyuma, na hakuna aliyenidai kiingilio.

Nikaletewa Negroni, kinywaji cha Florence kule Italia, 1919, eti bwana mmoja aliomba kinywaji chake kitiwe gin badala ya soda. Elfu moja na mia mbili! Glasi yote pande moja la barafu, kinywaji chenyewe kimejibanza pembeni, halafu kichungu kama mwarobaini, na mwarobaini bibi alikuwa anipa bure na kipande cha sukari guru juu yake. Shemeji naye kafumba macho, "buonissimo, buonissimo". Huyu kwao ni Ganda lakini, hapa hapa Malindi.

Nikatafuta cha rahisi kwa menyu, nikaona grog. Hii nini? Kijana akasema admirali wa Uingereza, Vernon, mwaka 1740 aliamuru rum ya mabaharia wake itiwe maji, maji nne rum moja, wasilewe ovyo. Sasa nyinyi niambieni, mwenye mangwe akitia mnazi maji kata moja tu mtaa mzima washajua na kesho viti vitupu, huyu katia nne kwa moja wamemuandika kwa menyu na mwaka wake!

Mia nane. Nikamuuliza kijana, na hayo maji ni ya mfereji ama ya chupa?

Akasema, "Ya chupa yanalipiwa kando, mzee."