Miaka mitano ya kumsomesha mwongozaji

Wanaosema uongozaji wa michezo ya kuigiza haufundishiki darasani wana ushahidi, tena si haba. André Antoine, aliyefungua Théâtre Libre jijini Paris mwaka 1887 na kubadili namna Ulaya ilivyoigiza, alikuwa karani wa kampuni ya gesi. Stanislavski wa Urusi alikuwa mtoto wa wafanyabiashara aliyeanzia kwenye maigizo ya nyumbani kwao. Peter Brook alikabidhiwa mchezo wa Shakespeare mjini Stratford mwaka 1946 akiwa na miaka 21. Peter Hall na Trevor Nunn walitoka Cambridge, walikosoma fasihi ya Kiingereza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cheti cha uongozaji, na anayetaka kutetea shule hawezi kujifanya hayaoni majina hayo.

Sasa tutazame Moscow. Katika chuo cha sanaa za maonyesho cha GITIS, mwigizaji husoma miaka minne. Mwongozaji husoma mitano. Mwaka huo mmoja wa ziada umenisumbua sana, kwa sababu unakwenda kinyume na tunavyodhani wengi. Kwetu anayeonekana kuhitaji mafunzo ni mwigizaji: sauti, pumzi, viungo, ngoma, nyimbo. Mwongozaji yeye amekaa kiti cha mbele na daftari lake, anasema “rudieni.” Ni kitu gani hapo cha kumaliza miaka mitano?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mwanzoni haongozi. Huingia karakana moja na wanafunzi wa uigizaji, chini ya mwalimu mkuu mmoja anayewalea mpaka wahitimu, na mwaka wa kwanza huigiza kama wao. Anaigiza bila maneno. Anashika vitu visivyokuwepo. Anatazamwa na kukosolewa. Baadaye ndipo anapopewa kipande kifupi aongoze wenzake, kisha hadithi aliyoigeuza mwenyewe kuwa mchezo, kisha tendo zima la tamthilia, na mwishoni onyesho la kuhitimu, ambalo mara nyingi hulipandisha katika ukumbi wa kitaaluma nje ya chuo, mbele ya watu waliokata tiketi. Yeyote aliyewahi kusimama jukwaani huku mtu akimpigia kelele kutoka gizani “ongeza hisia!” atauelewa utaratibu huu bila kuhubiriwa. “Ongeza hisia” ni agizo lisilotekelezeka, na anayelitoa kwa kawaida ni mtu ambaye hajawahi kulipokea.

Kisha kuna kazi yenyewe. Maria Knebel, mwigizaji na mwongozaji aliyealikwa na Stanislavski kufundisha katika studio yake ya mwisho miaka ya 1930, alifundisha GITIS kwa miaka mingi, na kati ya waliopita mikononi mwake ni waongozaji Anatoly Efros na Anatoly Vasiliev. Njia aliyoifundisha huanza na swali moja: katika onyesho hili, limetokea nini? Likishajibiwa, waigizaji hawakai mezani kukariri. Wanasimama na kulijaribu tukio kwa maneno yao wenyewe, wanarudi kwenye maandishi kuona mwandishi amewazidi wapi, wanasimama tena.

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969 na ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Kinjeketile anatoka mtoni akiwa mkavu. Muulize mwanafunzi limetokea nini, atajibu: ametoka majini. Mwalimu mzuri atamkatalia. Hiyo ni habari ya mtu mmoja; tukio ni kile kilichobadilika kwa wote waliosimama ukingoni. Watu wanyonge, wa makabila yanayotiliana shaka, wamepata ghafla kitu kimoja cha kuamini. Mwongozaji aliyelielewa hilo hatawapanga waigizaji wake mstari mmoja wamkodolee Kinjeketile macho midomo wazi, kama nilivyoona ikifanywa zaidi ya mara moja. Atatafuta nani anamtazama nani, nani amesogea karibu na aliyekuwa akimkwepa, nani bado amebaki nyuma na kwa nini. Umbali kati ya jibu la kwanza na hili la pili hauvukwi kwa kusoma kitabu. Unavukwa kwa kupanga onyesho vibaya, kulitazama likianguka mbele ya wenzako, na kulipanga upya wiki inayofuata. Miaka mitano inaliwa hapo.

Na hapo ndipo hoja ya Brook na wenzake inaponitia mashaka. Cambridge haikuwa na somo la uongozaji, sawa. Lakini ilikuwa na ADC, klabu ya maigizo ya wanafunzi iliyoanzishwa 1855, yenye ukumbi wake. Ilikuwa na Marlowe Society, kikundi kingine cha maigizo, na mwalimu wa fasihi George Rylands, aliyefundisha vizazi kadhaa vya vijana kuitamka mistari ya Shakespeare. Kijana aliyeingia mle alipata jukwaa, waigizaji wasiodai posho, watazamaji, na nafasi ya kuharibu mchezo mmoja leo na kupewa mwingine muhula ujao. Familia ya Stanislavski ilikuwa na uwezo wa kumjengea jukwaa nyumbani. Antoine, aliyekuwa na mshahara wa karani tu, alipita njia hiyohiyo akaishia kwenye madeni. Wote walisoma. Tofauti ni nani aliyelipa ada, na ada yenyewe ni gharama ya makosa: mchezo mbovu unakula kodi ya ukumbi, maleba, nauli za waigizaji na usiku wa watu ishirini. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Singida au Kitui hana wa kumlipia makosa hayo, labda chuo cha umma. Kumwambia kwamba uongozaji ni kipaji tu, ajifunzie kazini, ni kumfungia mlango kwa maneno matamu.

Upande wa pili nao una mambo mazito, na la kwanza ni huyo mwalimu mkuu mmoja. Kukaa chini ya mtu mmoja miaka mitano kunaweza kumtoa msanii, na kunaweza vilevile kutoa nakala ya mwalimu, au kumwacha mwanafunzi asijue pa kukimbilia mwalimu akimwonea. Historia ya Urusi yenyewe inaonya. Meyerhold, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuanzisha kozi za uongozaji nchini humo, mwaka 1918 mjini Petrograd, alifungiwa ukumbi wake mwaka 1938 na kupigwa risasi mwaka 1940, wakati dola ikiwa imeamua kwamba kuna namna moja tu sahihi ya kuigiza. Shule inayojua kufundisha njia moja vizuri sana ni rahisi kutumiwa na dola ya namna hiyo.

La pili ni ajira. Urusi ina mamia ya kumbi zinazolipwa na serikali, zenye waigizaji wa kudumu, na zote zinahitaji waongozaji. Sisi hatuna. Kusomesha mtu miaka mitano kwa kazi isiyo na mwajiri ni jambo ambalo wizara yoyote ya elimu ingeliuliza, na ingekuwa na haki. Ninaloweza kujibu ni kwamba shule nyingine huzaa ajira zake: darasa la mwongozaji Pyotr Fomenko lililoingia GITIS mwaka 1988 halikutawanyika lilipohitimu, na mwaka 1993 likawa ukumbi rasmi wenye jina la mwalimu wao. Lakini hilo lilitokea Moscow, na silitoi kama dawa.

Hoja inayotajwa zaidi huku kwetu ni Kamiriithu. Mwaka 1977, karibu na Limuru, wakulima na vibarua waliigiza mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wazee na akina mama waliokuja kutazama walisahihisha wimbo, tambiko, hata namna mtu wa tabaka fulani anavyokaa. Serikali iliufuta mchezo huo Novemba mwaka huohuo, baada ya wiki chache tu. Basi, huambiwa, shule ndiyo ile: kijiji. Kazi ya walimu wa Dar es Salaam kama Penina Mlama na Amandina Lihamba huko Malya, mkoani Mwanza, mapema miaka ya 1980, hutajwa kwa shabaha ileile.

Nakubali karibu yote, isipokuwa hitimisho. Aliyeongoza mchezo wa Kamiriithu alikuwa Kimani Gecau, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliokwenda Malya walikuwa walimu wa chuo kikuu. Mtu anayeweza kukaa kimya umati unapomsahihisha, akajua lipi la kuchukua na lipi litauvunja mchezo, ana stadi kubwa kuliko ya anayepiga kelele kutoka kiti cha mbele. Sioni kwa nini tudhani stadi hiyo ndiyo isiyohitaji mafunzo.

Hoja inayonigusa zaidi haitajwi sana. Ni tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo nchini Kenya, linalofanyika tangu 1959. Kila mwaka walimu wa Kiswahili, wa historia, hata wa hesabu, huongoza michezo kuanzia ngazi za chini hadi fainali, wengi bila kusomea uongozaji, na baadhi ya kazi zao zina ubunifu ambao mhitimu wa chuo angeuonea wivu. Hawa wamejifunza kwa kurudia, mwaka baada ya mwaka, mbele ya waamuzi na mbele ya watoto wasiojua adabu ya kupiga makofi. Yaani wamepata kile ambacho GITIS hukigawa kwa mpango, ila wamekipata bila mtu wa kukaa nao muda mrefu kuwaeleza kwa nini mchezo wa mwaka jana ulianguka.

Vyuo vyetu haviwezi kumpa mwongozaji miaka mitano. Shahada nyingi za sanaa Tanzania ni za miaka mitatu, na uongozaji ni somo moja kati ya mengi, likiishia aghalabu kwenye onyesho moja la kupimiwa alama. Ningepunguza mihadhara ya historia ya waongozaji wakubwa, ingawa mimi mwenyewe nimewataja kadhaa hapa, na muda huo ningewapa wanafunzi waigize chini ya uongozi wa wenzao mwaka wote wa kwanza. Mwaka wa mwisho ningewapeleka shule za sekondari, mmoja mmoja, kila mmoja akae muhula mzima na mwalimu anayeongoza drama hapo, na alama zake zitokane na mchezo walioupandisha pamoja. Mwalimu naye apewe cheti cha chuo kwa kazi hiyo, kwa sababu katika wawili hao si rahisi kujua mapema nani atamfundisha mwenzake.