Klipu Ikipanda, Sindano Inashuka

Baiskeli yangu ina injini. Nasema mapema kwa sababu kuna siku utanikuta naisukuma mlimani, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, udhani ile injini ni mzigo nimetumwa niufikishe mahali.

Na mchawi wangu namjua. Ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kitu chenyewe hakizidi ngumi ya mtoto. Ukiifungua yote juu ya gazeti unapata bakuli, boya, springi, kile kipande cha duara kinachopanda ukivuta mafuta, sindano, jeti ya kupitishia petroli yenye kitundu kisichofika milimita moja, na klipu. Saa yangu ya ukutani ina vitu vingi zaidi ya hivyo na haijawahi kunilaza macho.

Hiyo klipu sasa. Ina umbo la herufi C, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kichwani mwa sindano kuna mikato minne, klipu inakaa kwenye mmoja wapo, na hapo ndipo akili yangu huaga na kuondoka. Ukipandisha klipu, sindano inashuka. Sindano ikishuka inaziba njia, petroli inapungua. Kwa hiyo ukitaka kupunguza unapandisha, ukitaka kuongeza unashusha. Nimeyakariri haya kitandani kama mtoto na hesabu za kuzidisha. Usiku mmoja mama watoto akauliza gizani, "Nani anashuka?" Nikamwambia lala, mama, ni mambo ya sindano. Hakulala. Akawasha taa.

Ugonjwa ulianza hivi. Nikifungua mafuta kidogo, inakwenda vizuri. Nikifika nusu, inagugumia: bu-bu-bu, kama mtu anayetaka kukiri kosa halafu anaghairi. Nikafungua plagi, ile inayotoa cheche, nyeusi, imelowa. Maana yake petroli imezidi hewa. Injini hizi za mipigo miwili zikilishwa kupita kiasi zinaanza kuruka zamu, zinawaka mzunguko mmoja, zinapumzika mmoja. Nazielewa kabisa. Hata mimi nikishiba hivyo kazi inanishinda.

Dawa ni nyepesi: pandisha klipu mkato mmoja, jaribu. Mtu mwenye subira angefanya hivyo akaishia hapo. Mimi nikapandisha klipu, nikaongeza oili kwenye petroli kwa kuihurumia injini, kisha nikazungusha na ile skrubu ya pembeni inayoshikilia mngurumo isizime. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika matatu, yakaponyoka yote. Tena lile la oili nililifanya kwa roho safi, kumbe nilikuwa nachochea. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kinachopita kwenye jeti kina petroli pungufu, mchanganyiko unazidi kukauka, yaani hewa inaishinda petroli. Maelekezo yaliyokuja na injini yalisema 16 kwa 1, petroli kumi na sita kwa oili moja, wakati wa kuizoesha ikiwa mpya, baadaye unapunguza oili, 20 kwa 1 au zaidi. Mimi nilipima kwa jicho. Jicho langu hilohilo linalovaa miwani.

Nikaiweka kwenye stendi, gurudumu la nyuma juu, nikaiwasha. Jamani, iliimba! Nikavuta mafuta, ikapanda bila kukwama, nikaachia, ikashuka kwa adabu. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Akashuhudia. Nikaishusha, nikakaa, mita kumi, ikakohoa ikafa. Nikairudisha kwenye stendi: inaimba. Nikakaa: inakufa. Mama watoto alikuwa amefunga mikono kifuani.

"Baba, ukiwa hujaikalia inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Basi mbona tatizo umeshalipata?"

Sikumjibu. Ningemweleza kwamba gurudumu likiwa hewani injini haina kazi inayoifanya, kwa hiyo stendi inamdanganya kila mtu, lakini alikuwa ameshaingia ndani, na kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka huku nje.

Nikaifungua tena. Na hapo ndipo klipu iliporuka. Ukiibana vibaya kwa koleo inatoa sauti ndogo, tii, na ndiyo kwaheri. Nilitambaa sakafuni na tochi saa nzima. Mwanangu akatoka na sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, akaikokota mara mbili, akaninyooshea: klipu, msumari, na sindano ya kushonea ambayo mama yake alishamsingizia mtu. "Baba, ipi yako?"

Kosa lenyewe lilijitokeza bila heshima siku iliyofuata. Nikaachia mafuta, injini ikakataa kushuka, inalia juu kama imekanyagwa. Nikashika kabureta kuisikiliza, ikacheza mkononi. Mtetemo ulikuwa umelegeza nati zote, inavuta hewa pembeni, kwenye maungio, na mimi siku zote nahangaika na sindano. Nikabadilisha gasketi, nikakaza, nikamwaga ile petroli ya jicho, nikachanganya upya kwa chupa yenye alama, na klipu nikairudisha mkato wa pili kutoka juu.

Likabaki jaribio la plagi. Unakimbiza mafuta yote wazi, halafu unazima na kubana klachi kwa pamoja, ili plagi isipate muda wa kubadilika rangi kwa mwendo wa polepole. Nikafanya. Nikasimama mbali na nyumbani, nikaifungua, nikaungua vidole viwili, nikaitazama: kahawia, rangi ya kadibodi. Sikuamini. Nyeupe ningetetemeka, maana ikiwa kavu hivyo injini inachemka, na mafuta yanayoilainisha ni yaleyale yanayokuja na petroli, mwisho wake pistoni inatoboka. Lakini ilikuwa kadibodi! Nikamwonyesha mpita njia. Akasema hongera, akaongeza mwendo.

Wiki mbili nilikuwa mtu. Mlimani napanda, nikisimama inanguruma taratibu, mama watoto hana la kusema. Kwenye kabureta nikaweka alama ya rangi pale ile skrubu ya mngurumo ilipoishia, mtu asije akasahau.

Sasa nina jirani ambaye bisibisi haimtoki mfukoni. Ni mtu mwema, kasoro yake ni hiyo tu: akiona skrubu, mkono unamwasha. Juzi akaja kuniazima baiskeli mara moja. Nikamwambia usiguse kitu. Akasema, ndugu yangu, mimi si mtoto.

Alirudi jua linazama, anaisukuma.

"Ilikuwa inanguruma kidogo pale ikisimama," akasema, anapangusa mikono, "nikakusaidia kuizungusha. Halafu kulikuwa na uchafu wa rangi pale, nimekukwangulia."