Andiko la bustani lianzie kwenye ndoo ya maji

Wape wanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, katika timu, kazi ya kuandika andiko la mradi wa bustani ya mtaa, watakuletea ramani yenye rangi nzuri na orodha ndefu ya mazao: nyanya, hoho, karoti, hata matikiti. Maji yatapata mstari mmoja tu, kwamba yatachotwa ziwani. Mwalimu, andiko la namna hiyo lirudishe siku hiyohiyo. Mwanza nyumba zimepanda milimani juu ya mawe, na mboga zinakauka huku ziwa likionekana pale chini.

Hesabu ya maji ndiyo ianze. Tuta liwe na upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kulikanyaga. Likiwa na urefu wa mita 5, ni mita za mraba 6. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, mboga za majani zinahitaji kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta 10 basi yanakunywa lita 240 hadi 300, yaani ndoo 12 hadi 15 za lita 20, kila siku, Jumapili ikiwemo. Timu ichukue ndoo moja iliyojaa, iibebe kutoka bombani hadi kiwanjani, ipime dakika zilizotumika, kisha izidishe kwa idadi ya ndoo za siku. Timu iliyoota matuta 20 itapunguza yenyewe hadi 6 bila mwalimu kusema neno.

Baada ya hapo waulizwe bili ya bomba italipwa na nani, na siku ya mgao maji yatakuwa yamehifadhiwa wapi. Kuingia ziwani kuchota hapana, kwa sababu konokono wa kichocho wanaishi kwenye maji ya kina kifupi penye majani, palepale watoto wanaposimama na ndoo. Maji ya mto Mirongo nayo yasiguse mchicha. Mto huo unapita katikati ya mji na kubeba uchafu wake.

Kiwanja karibu na maji kina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwa hiyo wanafunzi wapime kwa futi kamba kabla ya kuchora. Kwingine kote, ruhusa ya mdomo haitoshi. Ardhi ikishalimwa na kutiwa samadi inavutia, na mwenye eneo anakumbuka ghafla kwamba alitaka kujenga. Iandikwe barua inayotaja mipaka na muda, angalau miaka 3, isainiwe na mwenye eneo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kwenye mteremko, na Mwanza mteremko ndio kawaida, kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi. Fito mbili ndefu zinafungwa juu, moja fupi inakatiza katikati, na jiwe linaning'inia kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati ya fito fupi, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Wanapigilia kigingi kwenye kila mguu na kusogea. Mstari wa vigingi unaotokea ndio wa kupanga mawe, na mawe hayanunuliwi hapa. Timu iliyochora matuta kushuka na mlima itaupoteza udongo wake kwa mvua moja kubwa.

Bajeti iwe na bei walizouliza wenyewe madukani. Mara nyingi uzio ndio unaokula fedha nyingi, na ndio wanaousahau, ilhali mbuzi mmoja akiingia alfajiri humaliza tuta zima kabla ya kengele ya shule. Samadi iliyooza wakadirie debe moja kwa mita za mraba 5.

Sehemu nitakayoisoma mara mbili ni ya likizo. Ufunguo wa geti utakuwa kwa nani Juni na Desemba? "Wanakijiji watasaidia" si jibu. Nataka kaya za jirani zilizokubali, siku ya kila kaya, na matuta yatakayokuwa yao kuvuna. Ndiyo maana andiko, kurasa 3 tu, lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, bwana shamba wa kata akiwepo, na kila mwanafunzi ajibu maswali ya sehemu aliyoiandika. Akina mama wanaouza mboga watauliza mambo ambayo mwalimu hakuyafikiria.

Mkutano huo ufanyike mapema Februari. Samadi iwe imelundikwa tangu Novemba, miche ya sukuma wiki iko kitaluni, na masika ya Machi ikifika mchicha unapandwa moja kwa moja. Utavunwa ndani ya wiki 4, na sukuma wiki itaanza kuchumwa Mei, kabla shule hazijafungwa.