MMORPG kwa mtu mwenye kazi zake: inawezekana ama tunadanganyana?

Washkaji wa Mwanza tunaopenda gemu hatuelewani kabisa kwenye hili. Kuna wanaosema MMORPG, yani zile gemu unatengeneza mhusika wako halafu anaishi dunia moja na maelfu ya watu mtandaoni, sio za mtu anayefunga duka saa mbili usiku, kama huna masaa ya kutosha kila siku bora ubaki na mpira wa PlayStation. Wengine wanasema pakua tu, cheza unavyojisikia, hakuna anayekudai.

Mi niko na hawa wa pili, ila wale wa kwanza wana hoja na anayeanza akiwapuuza ataacha mapema sana.

Kinachobana zaidi wala sio masaa, ni ratiba za wenzako. Chukua World of Warcraft, ipo tangu 2004, kwenye danjeni, yani pango lenye maadui, mnaingia watano, mmoja anakinga, mmoja anaponya, watatu wanashambulia, sasa wewe ndo mponyaji, uko zako Nyakato, bosi, yule adui mkubwa wa mwisho, kabaki nusu, umeme unakatika na rauta inazima nao. Wale wanne wanakufa, na hawajui habari za umeme wetu, wanachojua ni kwamba mtu kawakimbia. Halafu makundi mengi ya Ulaya yanakutana jioni yao, saa mbili ya kwao huku ni saa tatu ama saa nne usiku, na mtu anayewahi soko la samaki la mwaloni Kirumba alfajiri muda huo anatakiwa awe kalala. Na hela: ukifika leveli ya 20 ukitaka kuendelea ni dola 14.99 kwa mwezi, uingie usiingie imeenda. Kwa mtu wa kucheza mara moja moja hiyo ni hasara, sibishi.

Ila MMORPG haziko hivyo zote. Old School RuneScape ilitoka 2013, ikaingia kwenye simu 2018, akaunti ni ileile simu na kompyuta, na kuna sehemu kubwa ya bure. Seva yake inapiga hesabu kila sekunde 0.6, kwahiyo intaneti ikisuasua kidogo haikuumizi kama kwenye gemu za mapigano ya haraka. Mwanzoni kabisa pale Lumbridge, mji wa kuanzia, unavua kamba kwa wavu mdogo: unagusa sehemu maji yanapochemka, jamaa anavua mwenyewe mpaka sehemu hiyo ihame ama begi lake lenye nafasi 28 lijae, nafasi moja imekaliwa na wavu. Mteja akija unaweka simu chini unamhudumia, hakuna uliyemwangusha. Mwenye kompyuta nzuri namwelekeza Guild Wars 2, haina ada ya mwezi, na vifaa ulivyovipata leveli ya 80 havichuji, upotee mwaka mzima ukirudi bado vinafaa.

Albion Online watu wanaisifia sana kwa sababu ni bure na ipo kwenye simu. Sawa, ila kaa maeneo ya bluu kwanza, maana kwenye nyekundu na nyeusi ukiuawa unapoteza ulichovaa na ulichobeba, na hapo mtandao ukikwama ndo basi tena.

Kitu kimoja kinanisumbua kwenye upande wangu huu. Ukicheza peke yako miezi yote utakuwa umekosa utamu wenyewe, maana utamu wa hizi gemu ni watu. Kwahiyo mi nashauri utafute kikundi mapema, kile kisicho na mahudhurio ya lazima, uwaambie kabisa huku umeme unakatika, na uchague kushambulia badala ya kuponya, mshambuliaji mmoja akipotea wenzake bado wana nafasi ya kumaliza. Bando nalo halilwi sana na kucheza kwenyewe, linalolimaliza ni kupakua na apdeti, hizo zisubirie waifai.