Gari Lililofeli Ukaguzi Limefeli Nini Hasa?

Anayetaka kununua gari Mombasa hakosi washauri. Shemeji atamwambia achukue Toyota asijisumbue. Fundi atamwonya na giaboksi za CVT, zile za otomatiki zinazotumia mkanda. Broka wa yadi atalisifu lolote alilonalo siku hiyo. Sasa ameongezeka mshauri mwingine: majedwali ya matokeo ya ukaguzi wa magari kutoka Ulaya, yanayopitishwa kwenye simu, yakionyesha aina ipi ya gari imefeli mara nyingi na ipi imepita. Yana mvuto wake, kwa kuwa yana takwimu za magari mengi na hayamuuzii mtu kitu.

Nimeyasoma majedwali hayo kwa makini, kwa sababu kwa wengi wetu gari ni akiba ya miaka au mkopo wa chama, na ukikosea kuchagua unalipa mara mbili. Kwa maoni yangu yana faida kubwa, ila faida hiyo haiko pale tunapokimbilia kutazama. Tunatazama asilimia ya waliofeli na nani kashika mkia. Kilicho na maana ni safu zile nyembamba za pembeni, zinazotaja ni kifaa gani kilichofeli.

Mfumo wenyewe ni hivi. Ujerumani gari la kawaida hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Mashirika ya ukaguzi ya TÜV hukusanya matokeo ya mamilioni ya magari na kutoa ripoti kila mwaka, imepangwa kwa aina ya gari na umri wake. Uingereza ukaguzi wao, MOT, ulianza 1960 kwa magari yaliyofika miaka kumi. 1967 umri ukashushwa hadi miaka mitatu, na kuanzia hapo gari hurudi kila mwaka. Serikali yao huyaweka matokeo hayo hadharani bila kutaja jina la mwenye gari.

Wanaoyatetea majedwali haya wana hoja nzito. Njia nyingine ya kujua gari gumu ni kuwauliza wenye magari, na mtu aliyejinyima ili anunue gari hapendi kukiri kwamba kaliwa. Mkaguzi hana mapenzi na Subaru wala chuki na Nissan. Yeye analiweka gari kwenye mashine ya breki, analiinua, anatikisa magurudumu, anaandika. Kanuni ni zile zile kwa magari yote, na idadi ni kubwa kiasi kwamba hadithi ya gari moja bovu la jirani haiwezi kuyumbisha hesabu. Magari mawili ya rika moja, yaliyotembea kilomita zinazokaribiana, moja likifeli ekseli mara mbili zaidi ya mwenzake, huo si uvumi tena. Hapo kuna jambo.

Taabu inaanza ukiuliza mkaguzi anakagua nini. Anatazama breki, taa, tairi, usukani, shoku na bushi, kutu ya chesisi na moshi. Shabaha yake ni usalama barabarani siku ile. Hafungui giaboksi. Haulizi injini inakunywa oili kiasi gani. Hapimi betri ya haibridi ya Toyota Aqua imebakiza nguvu ngapi, na giaboksi ya DSG, ile ya otomatiki yenye klachi mbili, ya Volkswagen Golf itapita mbele yake ikibadilisha gia vizuri hata kama wiki ijayo itamwacha mwenyewe katikati ya foleni ya Kibarani. Ukimwuliza mnunuzi wa Mombasa anaogopa nini, atakutajia giaboksi, injini na betri ya haibridi, yaani vitu vile vile ambavyo ukaguzi hauvichunguzi kwa ndani. Taa iliyoungua, ambayo fundi anaibadilisha umesimama hapo hapo, inatosha kulifelisha gari. Uingereza karibu gari tatu katika kila kumi hufeli mara ya kwanza, na taa ni miongoni mwa sababu zinazoongoza. Kwenye safu ya asilimia, balbu iliyokufa na chesisi iliyooza vinahesabiwa sawa: limefeli.

Waingereza waliliona hilo. Tangu Mei 2018 dosari zao zimepangwa kwa madaraja, kuna ya hatari, kubwa na ndogo, na ile ndogo haifelishi gari. Ni hatua nzuri, lakini jedwali linalotufikia kwenye simu kwa kawaida limeshavunjwavunjwa likabaki tarakimu moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Tesla. Katika ripoti ya TÜV ya 2024, kundi la magari ya miaka miwili hadi mitatu, Tesla Model 3 ilishika mkia: asilimia 14.7 zilikuwa na dosari kubwa. Habari ilienea kwamba magari ya umeme ni mabovu. Lakini dosari zilikuwa wapi? Breki, taa na ekseli. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota yenyewe, kwa hiyo breki hazifanyi kazi sana, na diski isiyosuguliwa hushika kutu. Aidha, gari lisilohitaji kubadilishwa oili halipelekwi gereji kila mara, basi kasoro ndogo hukaa bila kuonwa mpaka siku ya ukaguzi. Ekseli ni lawama halali kabisa na mtengenezaji aibebe. Kuhusu mota na betri, ambavyo ndivyo gari lenyewe, ripoti haikuwa na la kusema.

Upande wa pili wa jedwali, Porsche 911 imekuwa ikikaa juu au karibu na juu kwa miaka mingi. Ni gari lililoundwa vizuri, sina ubishi. Lakini pia ni gari la mtu mwenye gari jingine la kazi: hutoka siku za jua, hutembea kilomita chache, hulala ndani, na kabla ya ukaguzi linapitishwa kwa fundi wa kampuni. Mwenye gari la bei nafuu hulipeleka kwenye ukaguzi jinsi lilivyo, ili aambiwe kitu gani kimeharibika ndipo akitengeneze. Gari lake linaandikiwa kufeli, na la tajiri linaandikiwa kupita, ilhali yote mawili yalikuwa na bushi iliyochoka mwezi uliotangulia.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani, kwa Toyota Probox. Ni gari gani limebebeshwa kazi kuliko hili? Linapakia mikate alfajiri, miraa mchana, abiria waliobanana jioni, kwenye njia za Kwale na Kilifi ambako lami inaishia ghafla. Tukiyapanga Probox yote ya Pwani kwenye foleni ya ukaguzi, ningetarajia mengi yafeli: springi zimelala, bushi zimekwisha, tairi zina upara. Jedwali lingeandika kwamba Probox ni gari bovu. Lakini watu wanaoishi kwa gari lao wanaendelea kulinunua, kwa sababu spea zake zinapatikana kila duka, kila fundi analijua, na likiharibika leo kesho liko barabarani. Kwa mtu wa kazi, huo ndio ugumu wa gari. Hakuna mkaguzi anayeupima.

Ratiba nayo huipotosha asilimia. Kule Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, ukaguzi wa lazima huitwa shaken. Gari dogo la binafsi kama Vitz hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Probox lililosajiliwa kama gari la mizigo hukaguliwa baada ya miaka miwili, kisha kila mwaka. Gari linalorudi kila mwaka lina muda mfupi wa kukusanya kasoro. Linalorudi baada ya miaka miwili lina muda mrefu. Hata kama magari yote mawili yangekuwa na uimara sawasawa, asilimia zao zisingelingana. Kwa sababu hiyo hiyo, kuchukua asilimia ya Ujerumani na kuipambanisha na ya Uingereza ni kupoteza muda.

Shaken hiyo inatuhusu kwa namna nyingine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Fuata ratiba ya Japani: miaka mitatu, mitano, saba. Gari linalofika bandarini kwetu likiwa na miaka saba, mara nyingi ni lile ambalo mwenyewe alikaa akapiga hesabu ya shaken ya tatu, pamoja na kodi ya uzito, bima ya lazima na matengenezo, akaona bora aliuze. Haina maana kwamba ni bovu. Wengi huuza kwa kukimbia gharama tu, ilhali gari ni zima kabisa. Lakini sisi tunanunua kutoka kundi lililochujwa na uamuzi huo, na jedwali la Ulaya la magari ya miaka saba linazungumzia magari yaliyobaki barabarani kule kwao. Ni makundi mawili tofauti. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa nacho kinasema gari lilitimiza kiwango siku ile. Tusikibebeshe zaidi ya hapo.

Baada ya kuyasema yote hayo, kwa nini bado nasema majedwali yana faida? Twende chini ya gari. Fundi mmoja hapa mjini akiletewa Vitz la kukagua kabla ya kununuliwa, hashughuliki na rangi. Analipiga jeki, anachukua mtaimbo, anauingiza kati ya mkono wa chini wa gurudumu na chesisi, anausukuma taratibu. Bushi nzima inakataa kusogea. Iliyokwisha inafunguka mpasuko unaouona kwa macho, na raba yake inamomonyoka vidoleni. Kisha anapitisha kidole kwenye bomba la breki, pale linapopita juu ya ekseli ya nyuma, akitafuta vipele vya kutu. Upepo wa bahari hauchagui mtaa. Gari lililolala Nyali miaka mitano lina nati za ekzosi ambazo hazifunguki bila moto.

Mambo hayo mawili, bushi na kutu, ndiyo hasa ambayo wakaguzi wa Ulaya huyaandika kwa uaminifu. Uingereza na nchi za Kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magari yao huoza kutoka chini. Kwa hiyo safu ya kutu ya kwao inamfaa mtu wa Pwani kuliko inavyomfaa wa Nairobi. Tofauti ipo: chumvi ya barabarani hupiga chini, ya bahari huingia popote, hata ndani ya soketi za wiringi. Lakini aina ya gari ambayo kule bomba za breki zake hushika kutu mapema, mimi nisingeiacha ilale nje Bamburi bila kuipaka kinga chini. Safu ya ekseli na bushi pia inasafiri vizuri, kwa kuwa udhaifu wa bushi wa kiwandani hujitokeza upesi zaidi kwenye mashimo yetu. Safu za taa na tairi ziruke.

Na kama gari lenyewe linatoka Uingereza, kama ilivyo kwa baadhi ya Golf na Range Rover zinazoshushwa hapa, achana na jedwali la aina. Ukiwa na namba yake ya usajili ya kule, historia yake ya MOT inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao: kila ukaguzi, maili zilizosomwa siku hiyo, kilichofeli na kilichoonywa. Maili zikishuka kati ya mwaka mmoja na mwingine, umeshajua kwamba mita imechezewa. Onyo la kutu kwenye bomba la breki likirudiwa mwaka hadi mwaka, umemjua mwenye gari pia. Kwa gari la Japani, cheti chake cha kusafirishwa nje kinaonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi; kidai ukisome mwenyewe, usisomewe.

Kinachoniuma ni kwamba tunasoma barabara za watu wengine. Sheria yetu ya Trafiki inataka magari ya abiria, ya biashara, na hata ya binafsi yaliyopita miaka minne tangu yatengenezwe, yakaguliwe. Kwa vitendo, wanaofika mbele ya mkaguzi wa NTSA, mamlaka yetu ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka ni matatu na malori. Ya binafsi yameachwa, ingawa kanuni zilizopendekezwa 2025 zilikusudia kuyaingiza. Wenye magari wanalalamika kwamba ni ada nyingine juu ya ada, na wapo wanaohofia magari yatakayopita kwenye karatasi bila kuguswa. Hofu hiyo ya pili naiheshimu, maana takwimu zilizonunuliwa ni mbaya kuliko kukosa takwimu. Dawa yake, nadhani, ni kuyatoa matokeo hadharani. Kituo kinachopitisha kila gari kingejianika chenyewe, na mnunuzi angejua HiAce za Likoni na Ukunda huchakaza nini kwanza. Ila yatolewe matokeo ya jaribio la kwanza, kabla gari halijatengenezwa na kurudishwa, pamoja na kilomita, mwaka wa kutengenezwa, kazi ya gari na kifaa kilichofeli kwa jina lake.