Suffolk Punch anahitaji kazi, si makofi

Kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ina farasi wa kukokota aitwaye Suffolk Punch, asiyejua rangi nyingine zaidi ya wekundu wa kahawia. Wafugaji wake wanaigawa rangi hiyo mara saba, kuanzia iliyopauka hadi iliyokoza kama ini. Shingo nene, kifua kipana, miguu mifupi, uzito karibu tani moja. Vifundo vyake havina manyoya marefu kama ya Shire, farasi mwingine wa kukokota wa Uingereza, na afadhali: udongo wa huko ni mfinyanzi mzito, manyoya yangebeba tope kutwa nzima.

Zamani, farasi akipelekwa kuuzwa, alifungwa kwenye mti mkubwa ulioanguka na kuamriwa kuvuta. Mti haukulazimika kusogea. Akivuta hadi akapiga magoti, amefaulu. Kikatili kidogo, lakini mnunuzi alijua anachonunua.

Wapenzi wake hujivunia kwamba kila Suffolk Punch aliye hai, kwa upande wa baba, anatokana na dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768, Crisp's Horse wa Ufford. Mimi jambo hilo linanitia hofu. Ukoo mwembamba hivyo hauvumilii pigo, na pigo lilikuja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matrekta yalitapakaa mashambani, farasi wakapelekwa machinjioni. Mwaka 1966 waliandikishwa watoto tisa tu.

Cha ajabu, miongoni mwa waliowatunza kwa miaka mingi ni wafungwa wa gereza la Hollesley Bay, lililokuwa na shamba na zizi lake. Mfungwa aliamka, akalisha, akapiga brashi, akafunga hatamu. Huo kwangu ndio uhifadhi wenye akili, kwa sababu mtu na mnyama wote walikuwa na shughuli.

Mwaka 2020 alizaliwa mtoto jike kwa mbegu zilizochaguliwa jinsia kabla ya kupandikizwa. Hatua nzuri, maana majike ndio wanaopungua. Lakini akikua atafanya nini? Kuzungushwa uwanjani na utepe shingoni? Iko misitu ambamo trekta hukandamiza udongo na kuchubua miche, ilhali farasi hupenya katikati ya miti akiburuta gogo lake. Ningekuwa na sauti kwenye fedha za uhifadhi, ningelipa kwanza mishahara ya vijana wa kujifunza kazi hiyo, maonyesho yangesubiri.