Matundu Matano

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimelipwa mshahara ili niwakumbushe watu kwamba tarakimu mbili haziwi sawa kwa sababu tu zinafanana kwa mbali. Nalitaja hili mapema ili msomaji aelewe kwa nini wenzangu ofisini hawajawahi kusikia kisa hiki.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, lililotoka Japani likiwa limetumika na kunifikia mimi nikiwa mmiliki wa tatu. Nililipenda kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na kasoro yake pekee machoni pangu ilikuwa rimu zake za asili, za inchi 17, zilizokuwa zimechujuka rangi. Mojawapo nilikuwa nimeikwaruza mwenyewe kwenye nguzo ya geti letu la Buruburu, Nairobi, ikabaki na alama yenye umbo kamili la vema, ile tunayoitia kwenye hesabu zilizo sahihi. Mpwa wangu, ambaye mahari yake ilikuwa ipelekwe Jumamosi mbili baadaye, alinishawishi kwamba haingekuwa heshima kuwapeleka wazee kwa wakwe na gari lenye miguu ya namna ile.

Basi tukashuka Barabara ya Kirinyaga, ambako spea huning'inia milangoni kama nyama buchani. Muuzaji alituonyesha rimu nne za rangi ya dhahabu. Nilizihesabu matundu ya nati, yakawa matano. Langu pia lina matano. Nilipouliza kama zitaingia, alinitazama kwa huruma akasema, "Mzee, hizi zinaingia kabisa. Ni za Subaru." Mpwa wangu akatilia mkazo kwamba Subaru ni Subaru, nami nikalipa.

Jioni hiyo, mbele ya watoto wote wa mtaa, tulipiga jeki, tukafungua gurudumu la mbele, tukainua rimu ya dhahabu. Boliti moja ilipopata tundu lake, nyingine nne zilikataa. Tukaizungusha, tukaipindua, tukaisukuma kwa goti, na mpwa wangu akapendekeza nyundo, ambayo namshukuru Mungu hatukuwa nayo. Mtoto mmoja wa darasa la tatu hivi aliuliza kama tumejaribu gari jingine.

Fundi niliyemwita kesho yake hakuhitaji hata kuinama. Rimu zile, alieleza, kweli zilikuwa za Subaru, lakini za STI, ndugu mwenye nguvu zaidi wa WRX, ambayo tangu mwaka 2005 boliti zake zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, ilhali za gari langu ziko kwenye duara la milimita 100. Kwa kuwa matundu matano hayatazamani moja kwa moja, huwezi kupima duara hilo kwa kukata katikati. Unapima kutoka kiini cha boliti moja hadi cha jirani yake. Ukipata milimita 58.8, duara ni la 100, ukipata 67.2, ni la 114.3. Alisema hayo akitafuna muwa, na tofauti ile ya milimita nane na ushei ikanigharimu shilingi 15,000 za kubadilishiwa, pamoja na rimu zangu za zamani na tairi zake, ambazo muuzaji alizihesabu kama sehemu ya malipo.

Safari hii nilikuwa mwerevu. Nilipima duara, likawa 100, na furaha ya ushindi ikanizuia kupima kitu kingine chochote. Rimu zilikuwa nyeusi, za inchi 18, upana wa inchi 8, na ndani ya mkono mmoja palipigwa muhuri wa ET35, ambao niliudhania kuwa namba ya kiwanda. Kwa tairi, muuzaji alinipa za saizi ya 225/45, yaani upana wa milimita 225 na ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo dukani. Niliendesha peke yangu hadi nyumbani polepole kupitia Jogoo Road, nikijitazama kwenye vioo vya maduka, na usukani ulipotetemeka kidogo niliilaumu barabara.

Jumamosi ikafika. Nilipakia wazee watatu, wawili kati yao wakiwa na miili ya kutosha, pamoja na sukari na kreti za soda kwenye buti, tukashika Thika Road. Tulipofika kilomita 90 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwangu kama ungo unaopepeta mahindi, na mzee aliyeketi kando yangu akanituliza kwa upole, "Usiogope, kijana. Wakwe ni watu kama sisi." Nilimshukuru. Sikuona haja ya kumweleza kwamba anayeogopa ni gari.

Tulipotoka Ruiru kuelekea Githunguri, tukakutana na matuta. Kwenye tuta la kwanza, nyuma kulitokea mlio wa kukwaruza mrefu kiasi kwamba mwenye kuku kando ya njia alisimama kuwahesabu kuku wake. Kwenye la pili, harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Nilishuka nikachungulia: tairi lilikuwa limejitokeza nje ya madigadi kama ulimi wa mtu aliyechoka, na gari liliposhuka kwa uzito, ukingo wa bati ulikuwa ukilikata kwa juu, ukipukuta vipande vyembamba vyeusi kama makombo ya penseli. Nilipunguza uzito kwa njia pekee iliyokuwepo. Kila tuta lilipokaribia, niliwaomba wazee washuke, nivuke peke yangu, kisha wapande tena. Walikuwa wamevaa makoti na kofia, nao walitembea kwa hadhi, mikongojo mbele, kama msafara wa harusi ndogo. Kondakta wa matatu iliyokuwa nyuma yetu alitoa kichwa akauliza, "Baba, hii njia una stage ngapi?"

Tulifika tukiwa tumechelewa saa moja na nusu, na wakwe, kama desturi yao inavyowaruhusu, wakatutoza faini ya mbuzi. Mzee wetu msemaji alipoulizwa sababu ya kuchelewa, alijibu kwa ufupi kwamba tulikuja kwa gari ila njia nyingi tulitembea.

Jumatatu fundi alinisomea mashtaka. ET ni ofseti, yaani umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ya kwangu ya asili huzidi 50. Kwa 35, pamoja na ile inchi moja ya ziada ya upana, nilikuwa nimelitoa gurudumu nje kwa takriban sentimita 3. Tairi nalo lilikuwa kubwa kwa kipenyo kuliko 215/45 la awali kwa milimita 34. Kwa rimu ya inchi 18 lilitakiwa angalau liwe 225/40. Mtetemo ulitoka katikati, kwa kuwa tundu la rimu lilikuwa la milimita 73.1 na habu ya Subaru ni 56.1, bila pete ya kujaza nafasi hiyo, kwa hiyo rimu nzima ilining'inia kwenye nati. Niliuliza nifanye nini. Akasema nirudishe zile za zamani.

Nilirudi Kirinyaga. Muuzaji wangu hakunikumbuka, au alikuwa na adabu ya kujifanya hanikumbuki. Nilipomwambia natafuta rimu za WRX ya 2006, aliingia ndani akatoka na nne, zikiwa zimesuguliwa na kupakwa rangi mpya ya fedha, bei shilingi 28,000, zile zile alizonihesabia kwa 16,000. Niliigeuza mojawapo kwenye mwanga, na chini ya rangi nikaiona vema yangu.

"Hizi zinaingia kabisa," alisema. "Ni za Subaru."

Nikatoa tepu mfukoni, nikazipima zote nne.